Kabla hujanunua giaboksi ya otomatiki kwa Chevelle yako

Wadogo zangu, naona mwaka huu tena mambo ni yale yale. Mtu anapata Chevelle ya 1970, gari la zamani la Chevrolet, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350 imefumuliwa na kufungwa upya, rangi inawaka, halafu giaboksi anaichagua kwa swali moja tu: "Ipi ngumu?" Ngumu kwa kazi gani? Nimezishusha nyingi zilizokufa katika gereji za huku Marekani, na nyingi hazikuwa dhaifu hata kidogo. Aliyezichagua hakuangalia difu, tairi, kabureta na konvata (chombo cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi) kwa pamoja. Mnanikasirisha, na kwa kuwa nawapenda nitayasema yote.

1. Anzeni nyuma ya gari. Kupata mizunguko ya injini kwa dakika, chukua mwendo kwa maili kwa saa, zidisha kwa uwiano wa gia, zidisha kwa uwiano wa difu, zidisha kwa 336, gawanya kwa kimo cha tairi kwa inchi. Gari lenye difu ya 3.73 na tairi ya inchi 26, likiwa maili 65 kwa saa na TH350, giaboksi ya GM ya gia tatu, ambayo gia yake ya juu ni 1.00, injini inazunguka kama 3,130 kwa dakika. Weka 700R4, ya GM pia lakini ya gia nne, yenye ovadraivu (gia ya juu inayopunguza mizunguko ya injini) ya 0.70, inashuka hadi kama 2,190. Hiyo ndiyo sababu ya maana ya kutafuta gia ya nne.

Lakini tazameni hapa, maana ndipo wengi mnapotelea. Gia ya kwanza ya 700R4 ni 3.06, ya TH350 ni 2.52. Zidisha 3.06 kwa difu ya 3.08 upate 9.42. Zidisha 2.52 kwa 3.73 upate 9.40. Maana yake, mwenye 700R4 na difu ya 3.08 ya kiwandani anaondoka kwenye taa kwa nguvu ile ile ya mwenye TH350 aliyebadilisha difu. Sasa mtu ananunua 700R4, na difu ya 4.10 juu yake, gia ya kwanza inaisha kabla hajavuka makutano. Halafu kutoka 3.06 inadondoka hadi 1.63, shimo kubwa; kama kemshafti yako inaanza kufanya kazi kwenye mizunguko ya juu tu, gia ya pili itakukuta injini imelala. 200-4R, giaboksi nyingine ya GM ya gia nne, ina 2.74, 1.57, 1.00 na 0.67, na kwa gari la mtaani lenye difu ya 3.42 au 3.73 mimi ndiyo ninayoipenda.

2. Kama gari ni la mashindano ya robo maili tu, chukua TH400 au Powerglide, giaboksi za GM zisizo na ovadraivu, na usinisumbue na habari za ovadraivu. Kumbuka tu TH400 inakula nguvu zaidi kuizungusha, na yoki yake (kichwa cha propela shafti kinachoingia giaboksi) ina meno 32. Ile yako ya TH350 yenye meno 27 haiingii.

3. Kebo ya TV, yaani ya vali ya throto (throttle valve), si televisheni. Hapa nitakaa, mnivumilie, kwa sababu jambo hili nililishuhudia kwa karibu na mikono yangu ilikuwemo.

Ililetwa Chevelle kwetu, mwenyewe mzee mmoja aliyestaafu, gari alilolitamani tangu ujana. Tukatoa TH350, tukaweka 700R4 iliyofanyiwa ovahoo. TH350 ina kebo inayotoka kwenye kabureta, na kazi yake ni kikidauni tu: ukikanyaga mafuta mpaka chini, inarudisha gia ya chini. Habari ya mzigo wa injini TH350 inaipata kwa vakyumu ya injini, kwenye modyuleta, kifaa kinachoigeuza vakyumu kuwa presha ya mafuta. Ukiikata kebo ile, gari litatembea miaka. Utakosa kikidauni, basi. Sisi tukaiona kebo ya 700R4, imekaa pale pale, inafanana na ile. Tukaishika kwenye tundu lililokuwa wazi kwenye mkono wa kabureta, tukaivuta kwa macho, tukaendelea na mengine.

Gari lilipotoka lilikuwa linabadili gia mapema na kwa ulaini wa ajabu. Tukafurahi. Ulaini ule ndio uliokuwa unaiua. 700R4 haina modyuleta. Kebo ndiyo inayoiambia mzigo ni kiasi gani, na kwa kebo hiyo inapandisha presha ya mafuta inayobana klachi pleti. Kebo isipovutwa vya kutosha, mguu wako unadai nguvu zote za injini, ndani klachi zimebanwa kwa presha ya gari linalotembea polepole. Zinateleza. Dereva hasikii kitu.

Mzee alirudi juu ya gari la kuvuta. Tulipofungua sampu, mafuta yaliyoingia mekundu yalitoka meusi, na harufu yake ilijaa gereji nzima. Klachi za gia ya tatu na ya nne zilikuwa zimebaki chuma, zimepiga madoa ya buluu. Vipande vichache vya bitana ya msuguano vilivyobaki nilivikwangua kwa ukucha vikatoka. Mzee alisimama pale, akauliza kwa adabu kama ni yeye aliyeendesha vibaya. Nilimwambia hapana, ni sisi. Tuliifanya upya bila kumtoza, lakini msimu wake wa kiangazi ulikuwa umeshapita.

Kwa hiyo shikeni hili. Pini ya kebo iwe kama inchi 1 na 1/8 kutoka katikati ya shafti ya throto. Kabureta ya Quadrajet, ya GM, iliyotengenezwa kwa giaboksi hizi imeshapangwa hivyo; kabureta nyingine nunua brakiti ya kurekebisha, na usiibuni kwa bati. Ukikanyaga mpaka mwisho, kebo nayo iwe imefika mwisho wake, isibaki na ulegevu. Kisha funga geji ya presha, washa injini, vuta kebo kwa mkono. Presha ipande mara tu kebo inapoanza kusogea. Isipopanda, gari halitoki nje ya geti. Na 200-4R ni hivyo hivyo.

4. Walio na Ford au Mopar (magari ya Chrysler) msijione mmepona. AOD, giaboksi ya Ford ya gia nne iliyoanza 1980, ina utaratibu huo huo wa TV, na ile fito inayotoka kwenye kabureta kwenda TorqueFlite 727, giaboksi ya Chrysler, inabeba habari ya presha pia. Nimeona mtu akiitupa kwenye pipa eti gari linatembea bila yake. C4 na C6 za Ford zinatumia vakyumu.

5. Pima kabla ya kulipa. 700R4 ina urefu wa inchi 30 na 3/4, TH350 yenye mkia mfupi ni 27 na 11/16, kwa hiyo propela shafti inakatwa kama inchi 3 na krosimemba (mhimili unaobeba giaboksi) inahama. 200-4R ina urefu wa TH350 hiyo na yoki ile ile, krosimemba tu ndiyo inasogezwa. 200-4R nyingi pia zina matundu ya bolti za Chevrolet na ya Buick, Oldsmobile na Pontiac kwa pamoja.

6. Ukiokota 700R4 ya kabla ya 1984, iache. Shafti yake ya kuingilia ina meno 27 badala ya 30. Ukipata iliyotengenezwa kuanzia 1987, ichukue.

7. 4L60E na 4L80E, giaboksi za GM zinazoongozwa kwa umeme, hazina kebo ya TV, lakini zinataka kompyuta na sensa ya throto kwenye kabureta, na hiyo kompyuta iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

8. Weka kula ya nje, yaani kipoozeo cha mafuta ya giaboksi. Giaboksi ikiungua, mabomba ya kula yasafishwe na konvata ibadilishwe, maana vumbi la klachi za zamani litaingia kwenye mpya.

9. Konvata ikae mpaka mwisho kabla ya kuinua giaboksi. Izungushe huku unaisukuma, utaisikia ikiingia hatua kwa hatua. Kengele ya giaboksi (sehemu yake ya mbele yenye umbo la kengele) iguse bloku ya injini kwa mkono tu, bila kuvutwa na bolti. Kisha konvata izunguke kwa vidole, na kati yake na flekspleti (sahani iliyofungwa nyuma ya injini inayoizungusha konvata) ibaki nafasi ya inchi 1/8 hadi 3/16. Kama nafasi hiyo hakuna, pampu haijashikwa vizuri. Usikaze hata bolti moja, ishushe na uanze tena.