Kufua soksi za chujio la tangi la samaki

Anayefua soksi ya chujio, yaani mfuko wenye pete ya plastiki mdomoni unaonasa uchafu maji yanaposhuka kutoka tangini kwenda tangi la chini la kuchujia, ana kazi mbili: kutoa uchafu wa samaki, halafu kuitoa dawa aliyotumia kutolea uchafu huo. Ya kwanza kila mtu huifanya. Ya pili hurukwa, na hiyo ndiyo huua samaki.

Kabla ya kufua, jua wakati wa kuitoa soksi. Uchafu ulionaswa na soksi bado umo majini: mabaki ya chakula na kinyesi huoza mlemle, hutoa amonia, na mwishowe naitreti (amonia iliyokwisha kugeuzwa na bakteria) hupanda. Soksi ya felti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa) yenye matundu ya mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, inaweza kuziba ndani ya siku mbili tatu tangi likiwa na samaki wengi; ya 200 huvumilia zaidi. Tazama maji yaliyo ndani ya soksi. Yakikaribia pete, ibadilishe. Yakishafurika juu ya pete, takataka zinapita zote kwenda tangi la chini na soksi ipo kwa jina tu. Soksi sita za kupokezana zinatosha, kila moja ikikaa siku tatu au nne. Chafu ipige maji siku hiyohiyo na uianike hata kama utafua zote pamoja baadaye. Ukiifungia mbichi kwenye ndoo, itanuka kiasi cha kukutia uvivu wa kuifua.

Watu wengi huigeuza ndani nje mara moja. Usiwe na haraka. Soksi ikiwa kazini, maji huingia ndani na kutokea nje, kwa hiyo anza kwa kupiga maji ya mpira kwa nje, uusukume uchafu urudi ulikoingilia. Kisha igeuze, umwage tope. Sehemu ngumu ni mshono wa kitako: uminye kwa vidole gumba viwili, utaona maji ya kahawia yakitoka hata pale soksi yote inapoonekana nyeupe. Endelea mpaka yatoke meupe. Brashi ngumu iache, huchambua nyuzi za felti.

Suuza hiyo si ya mapambo. Dawa inayofuata ni klorini, nayo hujimaliza yenyewe kwenye uchafu. Ukitumbukiza soksi yenye tope, dawa inaishia kwenye tope.

Sasa dawa. Tumia klorini ya maji ya kung'arishia nguo, ile ya kawaida yenye sodiamu haipokloraiti ya asilimia 5 au 6, isiyo na manukato. Ile nzito isiyorukaruka ina viungo vya sabuni, haifai. Nusu lita kwa lita kumi za maji baridi, loweka saa mbili hadi nne, ukiwa umevaa glavu na mahali penye hewa. Kulaza usiku kucha si bidii, ni kula uzi wa mshono. Soksi za wavu wa nailoni usizitie klorini kabisa, maana huidhoofisha nailoni. Wavu hauhifadhi uchafu kwa kina kama felti, mpira wa maji na brashi laini hutosha.

Klorini na siki havikutani ndoo moja, wala klorini na kitu chenye amonia. Vyote hutoa gesi ya sumu. Soksi ya tangi la maji ya chumvi ikikakamaa kwa chokaa, iloweke kwenye siki nyeupe siku nyingine, ikiwa imeshasuuzwa na kukauka.

Baada ya klorini, suuza kwa maji mapya mara tatu, ukikamua kila mara. Kisha loweka nusu saa kwenye maji safi yenye dawa ya kuondoa klorini, kipimo mara mbili au tatu ya kile kilichoandikwa kwenye chupa. Usitegemee pua: iliyokaa juu ya ndoo ya klorini mchana kutwa haisikii tena kitu. Kamua soksi kwenye kikombe na upime maji hayo kwa karatasi ya kupimia klorini. Maji ya ndoo usiyapime, yatakudanganya, kwani klorini hubaki ndani ya felti. Isome sifuri. Suuza tena mara moja, anika juani hadi mshono wa kitako ukauke kabisa.

Mashine ya kufulia inakubalika, bila sabuni na bila dawa ya kulainisha nguo. Mabaki ya sabuni huharibu ute unaomkinga samaki pamoja na matamvua yake, na mashine huwa nayo hata usipoweka mpya. Izungushe kwanza tupu kwa maji matupu. Kikaushio cha moto hapana, pete ya plastiki hupinda.

Haya yote ni ya soksi peke yake. Sponji na vipande vya kauri vya chujio ndiko waliko bakteria wanaolisafisha tangi. Hivyo suuza kwa maji yaliyotolewa tangini, na klorini isivikaribie.

Soksi yenye tundu, mshono uliofumuka au pete yenye ufa itupe. Nyingine huonekana nzima ilhali zimekwisha: shika soksi safi chini ya bomba, ijaze. Maji yakisimama ndani kama kwenye kikombe, nyuzi zimeziba na hazitafunguka tena.