Kuhamisha na Kunakili Maandishi: Ushauri kwa Anayeanza Kazi ya Kuandaa Hati

Wengi wanaoanza kazi ya kuandaa hati kwa kompyuta hujifunza mikato mitatu ya kibodi siku ya kwanza, yaani Ctrl na X ya kukata, Ctrl na C ya kunakili, na Ctrl na V ya kubandika, kisha huamini kwamba somo limekwisha. Kwa uzoefu wangu wa kuhariri ripoti zilizopitia mikono mingi, vitufe hivyo havina tatizo lolote. Kasoro nyingi zinazojitokeza baada ya kubandika huwa zimeanzia katika hatua ya awali, pale mwandishi alipochagua maandishi bila kuangalia vizuri amechagua nini. Larry Tesler na Tim Mott, waliobuni programu ya Gypsy katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto katikati ya miaka ya 1970, waliweka utaratibu tunaoufuata hadi leo: kwanza unachagua, ndipo unaamuru. Amri ni ya kitambo kidogo tu. Uangalifu wote unahitajika kabla yake.

Kwa hiyo, achana na mazoea ya kuburuta kipanya kutoka juu ya ukurasa hadi chini, kwani kurasa zikianza kukimbia utajikuta umepitiliza mahali ulipokusudia. Bofya mwanzo wa sehemu unayoitaka, telezesha ukurasa bila haraka hadi mwisho wake, kisha shikilia Shift na ubofye tena. Kila kilichomo katikati kitakuwa kimechaguliwa. Ikiwa umepitiliza kwa herufi moja au mbili, endelea kushikilia Shift na urekebishe kwa vitufe vya mishale. Ukibofya mara tatu ndani ya aya, Microsoft Word huchagua aya nzima, ilhali LibreOffice Writer huchagua sentensi moja na kungoja bofyo la nne ndipo ichukue aya. Anayehama kutoka programu moja kwenda nyingine hana budi kulikumbuka hilo.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii huchelewa sana kulifahamu ni alama ya aya. Kila unapobonyeza Enter, programu huweka alama isiyoonekana mwishoni mwa aya, na katika Word alama hiyo ndiyo inayobeba mpangilio wa aya nzima: upana wa kando, nafasi kati ya mistari, na mtindo, kama ni kichwa cha habari au maandishi ya kawaida. Ukichagua kichwa cha habari pamoja na alama yake, kitafika kinakokwenda kikiwa bado kichwa cha habari. Ukiiacha alama, maneno yataingia katika aya ulimoyabandika na kufuata mpangilio wa aya hiyo, na nyuma utaacha mstari mtupu ambao programu bado inauhesabu kuwa kichwa. Mstari huo huleta nafasi tupu ya ajabu katika hati, na watu huhangaika nao bila kujua ulikotoka. Dawa yake ni kuzionyesha alama hizo unapofanya kazi: katika Word bonyeza Ctrl, Shift na 8, na katika Writer bonyeza Ctrl na F10. Ukurasa utaonekana umejaa vidoa, lakini macho huzoea upesi.

Unachokikata au kukinakili hukaa katika ubao wa kunakili, ambao kwa kawaida hushika kitu kimoja tu. Ukikata aya tatu kisha, kabla hujazibandika, ukanakili neno moja kutoka kwingine, aya zile zimetoka ubaoni, na njia ya kuzirudisha ni kutendua kwa Ctrl na Z hadi zirejee mahali pake. Ndiyo maana ninapendekeza kubandika papo hapo baada ya kukata, bila kusimama kujibu ujumbe. Tangu mwaka 2018 Windows ina historia ya ubao inayofunguliwa kwa kitufe cha Windows na V, nayo hutunza hadi vitu 25, ila ni lazima uiwashe mwenyewe. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi ningeiacha imezimwa, kwa kuwa hata nywila iliyonakiliwa inaweza kubaki humo.

Kupandisha au kushusha aya moja tu hakuhitaji ubao. Weka kishale ndani ya aya, kisha ubonyeze Alt, Shift na mshale wa juu au wa chini katika Word, au Ctrl, Alt na mshale katika Writer.

Maandishi yanayotoka kwenye intaneti yabandike bila mpangilio wake wa asili, kwa kuchagua kubandika maandishi matupu katika menyu, la sivyo hati yako itapokea fonti na rangi za watu wengine.

Baada ya hapo kuna kazi ambayo programu haitakufanyia. Aya iliyohamishwa inaweza kusema “kama ilivyoelezwa hapo juu” wakati maelezo hayo sasa yako chini yake, au ikaanza na “hao” ilhali waliotajwa wamebaki ukurasa mwingine. Kunakili sentensi ili kubadilisha neno moja kuna hatari zaidi katika Kiswahili, kwa sababu nomino huvuta upatanisho wa sentensi nzima. “Kikao hiki kilichopangwa kimeahirishwa” kikigeuzwa kuwa cha mkutano, maneno yote manne hubadilika: “Mkutano huu uliopangwa umeahirishwa.” Nimekuta mihtasari yenye “mkutano hiki kilichopangwa”, ushahidi tosha kwamba mtu alibandika, akafuta neno la kwanza, akaondoka. Soma sentensi inayotangulia mahali ulipobandika na inayofuata, kisha urudi ulikokata ukasome vivyo hivyo. Mwisho, kama hati ya Word ina orodha ya yaliyomo inayojitengeneza yenyewe, bonyeza Ctrl na A, kisha F9, ili nambari za kurasa zilingane na mpangilio mpya.