Kubobea katika tando: nianzie maabara au mtamboni?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina shahada ya kwanza ya uhandisi kemikali, na huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini kwenye mtambo wa kuondoa chumvi majini kwa osmosisi kinyume, yaani kusukuma maji kwa nguvu yapite kwenye utando unaozuia chumvi. Natamani kubobea katika utenganishaji kwa tando. Wenzangu wananiambia kwamba bila shahada ya uzamivu, na bila kutengeneza utando kwa mikono yangu, nitabaki mtu wa kubadilisha vichujio tu. Ni kweli? Na nijifunze nini kwanza?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Si kweli, na ninasikitika kila ninaposikia vijana wakivunjwa moyo hivyo. Ukitaka kubuni utando mpya, hapo uzamivu utakusaidia sana. Lakini fani hii tangu mwanzo imejengwa na watu wa pande zote mbili. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walipokuwa chuo kikuu huko Los Angeles, karibu na mwaka 1960, walipata utando wenye ngozi nyembamba sana juu ya tabaka lenye vitundu, na hapo ndipo maji yalipoanza kupita kwa kasi ya kufaa. Loeb hakuishia maabara. Mwaka 1965 tando za aina hiyo zilikuwa zikifanya kazi Coalinga, California, zikiwapa watu wa mji ule maji ya kunywa.

Wewe tayari uko mtamboni. Anza na kinachotokea usoni pa utando, maana humo ndimo ubingwa ulimo. Maji ya bahari yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita yana mgandamizo wa osmosisi, yaani ule ambao pampu lazima iuzidi ndipo maji yapite kwenye utando, wa karibu baa 27 (baa moja ni kama mgandamizo wa hewa inayotuzunguka). Ukivuna nusu ya maji hayo, yanayobaki yana chumvi karibu maradufu, na mgandamizo huo nao unakaribia maradufu. Ndiyo sababu pampu zinasukuma kwa baa 55 hadi 70. Tena, chumvi iliyozuiwa hujazana pale pale kwenye uso wa utando, kwa hiyo utando unakutana na maji makali kuliko yale unayoyapima kwenye bomba. Ukilielewa hili kwa hesabu, siyo kwa kukariri, umeshapiga hatua kubwa.

Jambo la pili ni kusawazisha takwimu kabla ya kuzihukumu. Nilipokuwa na umri wako kazini, maji safi yalipungua kwa sehemu moja ya tano ndani ya wiki chache, tukaziosha tando mara tatu kwa magadi bila mafanikio. Hazikuwa na uchafu wowote. Maji yalikuwa yamepoa nyuzi 8, na kila nyuzi moja hubadilisha mtiririko kwa takriban asilimia 3. Tulipoteza dawa na tukazichosha tando bure. Tangu hapo sisemi utando umechafuka mpaka nimerudisha namba zote kwenye halijoto, mgandamizo na chumvi ya siku ya kwanza. Baada ya hapo, mtiririko ukiwa umeshuka kwa asilimia 10 hadi 15, ninaosha.

Namba zilizosawazishwa zitakueleza ugonjwa wenyewe. Tofauti ya mgandamizo kati ya maji yanapoingia na yanapotoka ikipanda kwenye elementi za mbele (elementi ni tando zilizoviringishwa kuzunguka bomba, zikapangwa safu moja), tazamia tope au utelezi wa bakteria, na hapo ndipo magadi yanapofaa. Mtiririko ukishuka kwenye elementi za mwisho, ambako maji ni makali zaidi, huenda ni magamba ya chokaa, na dawa yake ni asidi. Chumvi ikivuja zaidi huku mtiririko nao ukiongezeka, shuku klorini: tando za poliamidi, aina ya plastiki, haziistahimili, na hakuna kuosha kutakakozirudisha.

Ujuzi huu hauishii kwenye maji. Tando zinatenganisha haidrojeni kwenye viwanda vya amonia, zinaondoa kabonidayoksaidi kwenye gesi asilia, zinakusanya protini za maziwa, na zinachuja damu ya wagonjwa wa figo. Kemia inabadilika, lakini hesabu za upitishaji na za uchafu ni ndugu wa damu. Shahada ya uzamili ifuate baadaye, ukiwa na tatizo lako mwenyewe la kutafiti.

Kwa sasa, elementi iliyochakaa ikitolewa kwenye mtambo wenu, omba uipasue. Ikunjue jani kwa jani kutoka kwenye bomba la katikati, nusa, gusa, kisha dondoshea asidi kidogo kwenye ukoko, ukiwa umevaa glavu na miwani. Ukoko ukitoa mapovu ni kabonati, yale magamba ya chokaa. Andika ilikaa nafasi ya ngapi kwenye safu, halafu linganisha na namba zako za miezi iliyopita.