Anti, mimi ni msichana, niingie frateniti?

SWALI: Shkamoo Anti. Niko chuo Marekani mwaka wa pili, juzi nimeletewa imeili eti GPA yangu ya 3.6 inatosha kuomba kuingia Phi Sigma Pi, frateniti, yaani chama cha wanafunzi chuoni, ya wenye maksi nzuri. Mi nilijua frateniti ni wavulana na pombe na kurushwa kichurachura usiku, nimeenda kikao chao nakuta wadada wamejaa na wote wanaitana braza, hadi msichana aliyenipokea naye braza, nikabaki nacheka tu. Halafu kuna ada. Ninayekaa naye chumba anasema ni kuuziwa cheti. Niingie au nipotezee? – Mwaka wa Pili

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo zinazokuchanganya ni zile herufi za Kigiriki za kwenye majina (Phi, Sigma, Pi), maana wanazitumia wote, wa party na wa vitabu. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya vitabu, Phi Beta Kappa, vijana wa chuo cha William & Mary waliianzisha 1776, wanawake wakasubiri mpaka 1875 ndo wakaingizwa, kule Vermont. Hiyo hata huombi, wanakuchagua wenyewe.

Hao wako walianza 1916 kwenye chuo cha ualimu Warrensburg, Missouri, nao wanaume watupu. Ikaja sheria ya Title IX 1972, hakuna kubagua jinsia kwenye elimu inayopata hela ya serikali, miaka miwili baadaye zile frateniti za kijamii (za nyumba na party) zikasamehewa, kwa hiyo zenyewe mpaka leo zinaruhusiwa kuchukua wavulana tu. Za taaluma hazikupewa huo msamaha, ndo maana hao wako wakafungulia na wasichana. Hilo braza limebaki tu kama cheo, atakuwa braza mdada, braza mkaka, na asiyejihesabu kwenye hayo mawili pia, wewe ukizoea wiki mbili hutalisikia tena.

Sasa hela. Rafiki yako hajakosea sana, kuna vikundi vinatuma imeili kwa kila mwenye maksi, unalipa, unaletewa cheti na pini, basi hamjuani tena. Hii yako wanataka GPA kuanzia 3.0, halafu unapitia kipindi cha kufundwa kabla hujaapishwa, na ukishaingia kuna vikao, kujitolea, kamati, yaani muda wako unaliwa kweli, na mi naona huo muda ndo bei yenyewe kuliko ada. Waulize tawi lako waziwazi ya kuingia shilingapi, ya kila muhula shilingapi, na ukikwama unalipa kidogokidogo au unafutwa, anayejiumauma kujibu hilo mkimbie. Kwenye CV usitegemee makubwa, mwajiri anaangalia ulifanya nini humo, kama ulishika uweka hazina wa tawi una cha kusimulia, kama ulilipa ukalala huna.

Kuhusu kichurachura, maksi nzuri hazimzuii mtu kuwa mshenzi, kwa hiyo usilale. Kuna sheria ilisainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vitangaze vikundi vilivyokutwa na makosa ya kunyanyasa wanachama wapya, ripoti inakaa kwenye tovuti ya chuo, itafute leo kabla hujalipa hata senti.