Swali la msomaji: ngoma itawaunganisha madereva na watu wa ofisini?

"Mwalimu shikamoo. Niko kampuni ya utalii hapa Njiro, Arusha, tuko 26: madereva, wapishi wa kambini na sisi wa ofisini. Tukiwa na kikao kila mtu anakaa na wa kwake, madereva kule, sisi huku. Bosi anataka mwezi wa nne tufanye muziki wa pamoja ili timu ishikamane. Inasaidia kweli? Na inapangwaje, maana vyombo hatuna."

Marahaba dada. Inasaidia, tena haraka, ila ujue inasaidia wapi. Mwaka 2015 Robin Dunbar na wenzake kule Uingereza walitoa utafiti wa watu wazima walioanza madarasa mapya, wengine kuimba, wengine kazi za mikono au kuandika, wakawafuatilia miezi saba. Waimbaji walizoeana mapema kuliko wengine, lakini mwisho wa ile miezi wote walikuwa wamefika palepale. Kwahiyo muziki unavunja ukimya wa mwanzo, na kwenu shida ndo hiyo hiyo.

Vyombo msinunue. Chukueni madumu ya lita 20 matupu, chupa za maji zenye kokoto ndani, na mikono yenu. Wamasai hapa kwetu wanaimba bila ngoma kabisa, olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, anaanzisha, wengine wanaitikia kwa koo na miili na mdundo unasimama vizuri tu.

Sasa mpangilio, hapa ndipo kazi ilipo. Gawaneni makundi matatu, kila kundi liwe na dereva, mpishi na mtu wa ofisi, msiwaache wachague wenyewe maana watarudi kulekule. Hesabuni moja mpaka nne. Kundi la madumu linapiga moja na tatu, la makofi mbili na nne, la chupa linaingia katikati ya kila hesabu. Peke yake kila sehemu ni rahisi, hata mtoto anaiweza, utamu unakuja zikishikana. Ikishakaa sawa, nyamazisha makofi ghafla, wengine waendelee. Watasikia pengo wote, na hapo hapo simamisheni muongee, mwacheni dereva aliyewahi kukwama kwenye tope Ndutu, kule karibu na Serengeti, akipiga simu ofisini haipokelewi aseme alivyojisikia, na wa ofisini naye aseme siku hiyo alikuwa anahangaika na nini. Mimi haya maongezi nayathamini kuliko onyesho lolote la mwisho.

Anzeni na mapigo 80 hivi kwa dakika. Watakimbiza tu, kila kundi linakimbiza, na ukipiga kelele "polepole" haisaidii. Waambie wapunguze sauti mpaka kila mmoja amsikie mtu wa kundi lingine, mdundo utatulia.

Bosi apewe chupa. Moshi niliwahi kufundisha ofisi moja, mkuu wao akashika dumu kubwa na akawa anawatoa wote kwenye mstari, hakuna aliyethubutu kumwambia, na mimi nilichelewa kumhamisha, kipindi kizima kikaharibika na bado kinaniuma. Anayeanzisha awe mtu wa chini, mfano mpishi.

Nyimbo za kanisani ziacheni. Najua nusu yenu mnaimba kwaya na sauti nne mnazipanga bila kufundishwa, lakini mwenzenu Muislamu atabaki kuchezesha midomo. Tungeni yenu, mistari miwili ya kuanzisha na kiitikio kifupi, maneno yatoke kwenye kazi zenu.

Msifanye siku moja ya nyama choma yakaishia hapo. Dakika 20 kila Jumatatu, mwezi wa nne na wa tano wakati mvua ziko na magari yamepaki, kabla wageni hawajajaa mwezi wa sita. Na kama kuna posho za madereva hazijalipwa zilipwe kwanza, hilo muziki hauliponyi, utawaudhi tu.

Atakayekataa kuimba msimlazimishe, akae karibu na madumu na chupa yake mkononi, wengi wakishazoea mdundo wanaingia wenyewe.