Maswali ya Wasomaji: Taa za Kioo za Kifaransa

SWALI: Nimenunua bakuli la taa la kioo kizito, rangi ya chungwa na bluu zimechanganyika kama mawingu. Lina matundu matatu ukingoni na maandishi "Muller Frères Lunéville". Ni la kweli? Nilifungeje sebuleni? – Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Maandishi yaangalie mwisho, maana hata kioo cha jana huandikwa jina la zamani kwa asidi. Anza na rangi. Akina Muller ("Frères" ni "ndugu" kwa Kifaransa), ambao baadhi yao walifanya kazi kwa Émile Gallé, fundi mashuhuri wa kioo huko Nancy, Ufaransa, waliviringisha kioo cha moto kwenye unga wa kioo cha rangi, ukayeyukia humo. Mulika tochi kwa nyuma uone kama rangi imo ndani ya kioo. Rangi inayokwanguka kwa ukucha ni ya kupakwa.

Taa hizi hupasukia kwenye matundu. Kulabu ya chuma ikigusa kioo, uzito wote hukaa pahali padogo na ufa huanzia hapo. Weka washa (pete bapa) ya mpira au ngozi kila tundu, na minyororo mitatu ilingane urefu. Ndoano ya juu iingie kwenye mbao ya kenchi. Jipsamu peke yake haibebi.

Waya wa zamani wenye kitambaa utolewe wote, kwani mpira wake wa ndani humomonyoka na kuleta shoti. Fundi aweke mpya wa nyuzi tatu, milimita za mraba 0.75; ule wa kijani na njano ufungwe kwenye chuma. Balbu iwe LED ya wati 5 hadi 7. Ile ya kizamani ya wati 100 hupasha kioo upande mmoja, nacho hupasuka.

Halafu kuna wadudu wa ziwani. Bakuli limetazama juu, kwa hiyo wakivamia hulijaza usiku mmoja. Weka wavu madirishani. Waliokufa wafagie kwa brashi laini wangali wakavu. Ukianza na maji utapata tope. Ndipo uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, ndani ya beseni lililotandikwa taulo. Steelwaya marufuku, na minyororo ing'oe kwanza isije ikashika kutu.

SWALI: Taa yangu ina jina "Gallé" na nyota pembeni. Ni bandia? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Si lazima. Gallé alifariki 1904, mjane wake Henriette akaendelea na kiwanda, na nyota iliwekwa kwa miaka michache baada ya kifo hicho. Kinachotia shaka ni neno "TIP" karibu na jina: hizo ni nakala za Romania. Wauzaji wengine hulisugua lifutike, basi papasa hapo kama pana bonde.