Sio tamaa ya utajiri iliyonifanya nianze biashara yangu

Wengi wanadhani dereva au konda anaanzisha biashara kwa sababu kaona pesa mahali. Hapana, mimi ni dereva na nilianza kwa sababu ya hesabu, yaani ile pesa ambayo dereva anampelekea mwenye gari kila siku. Walio kwenye kazi hii wananielewa, asubuhi hujawasha gari tayari una deni, tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake kamili, mafuta juu yako, konda naye anakuangalia wewe, kinachobaki ndo chako na kuna siku hakibaki kitu na pungufu inahamia kesho.

Halafu nikaumwa. Wiki mbili kitandani, gari likapewa deiwaka, yaani dereva wa kushikilia kwa muda, na mimi sikuingiza hata senti maana hatuna mkataba wala likizo ya ugonjwa. Shirika la Kazi Duniani lilisema 2018 kwamba watu kama bilioni 2 wako kwenye ajira isiyo rasmi, nilipoisoma hiyo nikajiona mule mule. Nilichotaka ni kitu kinachoingiza hata nikiwa nimelala, hata kiwe kidogo.

Wenzangu kijiweni nao sababu zao ni zilezile, mgongo, macho hayaoni vizuri usiku, ada ya mtoto. Na kuna lile la kufokewa mbele ya abiria na mtu uliyemzidi umri eti hesabu imepungua. Hilo huwa hatulisemi kwa sauti ila naamini linasukuma wengi kuliko hata pesa yenyewe.

Sasa ushauri wangu, usiache usukani siku unayofungua biashara. Mimi niliacha, nikafungua duka la nguo, kitu nisichokijua kabisa, miezi minne mtaji umekata nikarudi kuomba gari. Iliniuma sana. Mara ya pili nikajiuliza najua nini, nikaona najua tairi. Miaka yote nimehangaika na pancha, nikishika tairi najua kama bado ina maisha, na madereva wananijua kwa jina, hao ndo wateja. Nikanunua kompresa iliyotumika nikamweka kijana mwenye ufundi, mchana niko barabarani jioni napita tunapiga hesabu, mwaka mzima hivyo, na pesa ya pancha haikuingia nyumbani, nyumbani tulikula ya gari. Hapo ndo wengi tunaanguka kwa sababu tumezoea pesa ya kila siku, inaingia leo inaisha leo, kwa hiyo toa ya akiba kabla hujafika nyumbani.

Na wewe unayetaka kuanza kwa kuchukua pikipiki ya mkataba, ile unayoendesha huku unamlipa mwenyewe kidogo kidogo mpaka iwe yako, jumlisha kwanza utakuwa umelipa kiasi gani mpaka siku ya mwisho, halafu iandikwe kwenye karatasi kadi ya pikipiki itahamia jina lako lini na ikiharibika katikati nani anatengeneza. Mwenye pikipiki akikataa kuandika, muache na pikipiki yake.